Kuku wa Valentine Asiye na Firigisi

— Jirani, ile chokoleti ya mwaka jana ililiwa ama ilinywewa?

Swali hilo Jeruto alimuuliza Philemon siku chache kabla ya Valentine, akianika nguo kwenye ploti yao ya Lurambi. Philemon, fundi wa kuchomelea mageti, aliinamisha kichwa. Mwaka uliopita aliitia chokoleti mfukoni, akapanda bodaboda hadi Iguhu, na jua la Februari halina huruma. Alipofika kwa Nekoye, mpenzi wake, suruali yake nyeupe ilikuwa inasimulia mambo ambayo hayakutendeka.

— Ilinywewa na suruali, akakiri.

— Na mwaka huu?

— Mwaka huu ni moto. Soma mwenyewe.

Akampa simu. Nekoye alikuwa ameandika: "Phile, Jumamosi Baba Mdogo Barnaba anakuja kwa mama. Ndiye atasema kama wazee wako waje kuposa ama wasije. Yeye anataka niolewe na mwalimu fulani. Leta zawadi ya kula, lakini si tamutamu za duka. Nakuombea."

— Nimefikiria mkate wa kumimina kutoka Mumias, Philemon akasema.

— Ukifika ukiwa wa siku mbili? Utawang'oa wazee meno.

— Basi miwa. Nitaifunga na utepe mwekundu.

— Mchumba akae akitafuna na kutema mbele ya watu?

— Karanga?

— Karanga ni ya kungojea mvua iishe! Nyinyi Waluhya mnaulizanga nini na mko na kuku? Niletee jogoo, nitakupikia. Wewe hata yai linakushinda.

Jumamosi asubuhi Philemon alimwachia Jeruto jogoo, akaenda karakana kumaliza geti la mteja. Saa sita alirudi, akakuta sufuria imefunikwa, mchuzi unanukia hadi barabarani. Akafunga utepe kwenye masikio ya sufuria, akaomba Mungu, akapanda bodaboda.

Kwa kina Nekoye, Baba Mdogo Barnaba alikuwa ameketi kwenye kiti cha marehemu kaka yake, uso umekunjwa.

— Hata maua hukuleta? akauliza.

— Maua hayaliwi, Mzee. Nimeleta ingokho, kuku mwenyewe.

Nekoye akapiga makofi kwa furaha.

— Phile! Wenzangu leo wanapewa maua, mimi napewa paja!

Mama yake akaomba, akashukuru, akaanza kupakua. Akachota. Akachota tena. Akazungusha mwiko mpaka chini ya sufuria, kisha akauweka kando.

— Philemon mwanangu, huyu jogoo alikuwa mzima?

— Mzima kabisa, Mama. Jana aliamsha ploti yote.

— Basi firigisi iko wapi?

Sebule ikapoa. Kuku anaweza kukosa chumvi, akakosa hata mguu mmoja, na watu wakala wakashukuru. Lakini firigisi mwanamke humwekea mwanamume anayemheshimu. Kuku akifika kwa wakwe bila firigisi, ni kama barua iliyofunguliwa njiani.

— Mnaona? Barnaba akanguruma. Tangu asubuhi sijatia kitu kinywani, nangoja imondo yangu, firigisi ya mzee, kumbe kuna mtu ashatawazwa nayo! Mwalimu hawezi kutufanyia hivi.

Nekoye hakuwa anamsikiliza. Alikuwa anamtazama Philemon.

— Nani alipika hii kuku?

— Jirani.

— Jirani ana jina?

— Jeruto. Lakini Nekoye, mimi na yeye...

— Mwanamke anakupikia jogoo mzima, halafu firigisi inapotea. Uliila wewe?

— Sikuionja! Hata shingo sikuiona!

— Kama hukula, alimpa nani? Firigisi haina miguu, Phile.

Akafungua utepe, akaukunja vizuri, akamwekea mkononi. Machozi yalikuwa yanamlenga.

— Mpelekee Jeruto wako.

Philemon aliona ndoa yake ikiondoka mchana kweupe. Akapiga simu na kuweka sauti nje ili wote wasikie.

— Jeruto! Firigisi uliweka wapi?

— Hata salamu hakuna? Si nilimpa mgeni wako!

— Mgeni gani?

— Mzee mmoja. Alikuja saa tatu ukiwa karakana. Ameniuliza kama unakunywa pombe, kama kuna mwanamke anakujanga kwako, hata kama kitanda ni chako ama ni cha kuazima. Nikamwambia huyu kijana ni wa kazi na kanisa, na mwanamke wa pekee kwake ni Nekoye, yuko ukutani kwa picha. Sasa nimesikia kwenu mzee ndiye hupewa firigisi, nikampa na ugali. Amekula mpaka akalamba vidole. Mchuzi ameongeza mara mbili.

— Alisema anaitwa nani?

— Hakusema. Lakini amesahau miwani yake kwa meza. Mwambie isije ikakanyagwa na watoto.

Simu ikakatika. Watu wakamgeukia Baba Mdogo Barnaba, ambaye tangu afike alikuwa amefinya macho kama anayetafuta ng'ombe mlimani.

— Shemeji, mama akasema polepole, si hujala tangu asubuhi?

Barnaba akakohoa.

— Baba Mdogo! Nekoye akasema. Uliambiwa Phile hana mwanamke mwingine, na umekaa hapo unaniangalia nikilia?

— Mimi nilikuwa nachunguza. Mtoto wa kaka yangu haendi tu hivi hivi...

— Umechunguza mpaka ukaramba sahani, mama akasema. Sawa. Sasa nisikilize, shemeji. Kwetu mtu hali firigisi ya mkwe halafu akamkataa mkwe. Umeshampokea, tena na mchuzi mara mbili. Philemon, waambie wazee wako waje Jumamosi ijayo.

Nekoye akanyoosha mkono, akauchukua tena ule utepe kwa Philemon, akajifunga kwenye kifundo cha mkono huku anacheka na kamasi.

— Kuna neno, shemeji? mama akauliza.

Barnaba akainuka, akapapasa ukuta mara mbili akitafuta mlango, akaupata, akatoka.