Neno la Kuziba Pengo

Kila akitoka shule, Kidole alipitia dukani kwa shangazi yake, mchapishaji wa kadi. Jina hilo alipewa na shangazi mwenyewe, kwa jinsi alivyochapa mbiombio kwa kidole kimoja tu.

Siku hiyo walikuwa wakitengeneza kadi za watoto wa darasa la kwanza, waliokuwa wakienda ziara kesho yake. Kwenye kompyuta kulikuwa na kiolezo, yaani kadi ya mfano yenye nafasi za jina la mtoto na chakula kinachomdhuru. Kompyuta ilijaza nafasi hizo yenyewe kutoka kwenye taarifa za shule. Lakini wazazi wengine hawakujibu swali la chakula, na kadi za watoto wao zikatoka na pengo jeupe.

Shangazi alimweleza kwamba kiolezo huweza kupewa neno la akiba, la kutokea pale taarifa inapokosekana. Akamwachia kazi hiyo, yeye akaenda kupokea karatasi. Kidole akaandika "Hakuna", akachapa kadi moja ya majaribio. Ilipendeza kwelikweli.

Shangazi aliporudi aliitazama, kisha akauliza kwa upole, "Nani amekwambia hakuna?"

"Wazazi hawakuandika kitu, shangazi."

"Kutoandika kitu siyo kusema hakuna, mwanangu. Sisi hatujui tu."

Uso ulimshuka Kidole. Hata hivyo alimstahi shangazi yake kwa kulitazama pengo lile dogo kana kwamba mtoto mwenyewe amesimama pale. Akafuta, akaandika: "Haijulikani. Muulize mzazi kwanza."

Kesho yake jioni, muuguzi wa shule aliingia dukani, uchovu wa safari ukiwa bado usoni. Alisimulia kwamba alikuwa akigawa biskuti za karanga, akafika kwa mtoto mmoja, akasoma kadi yake na kusita. Alipompigia mama yake simu, mama alishtuka: karanga humvimbisha mwanawe koo hadi ashindwe kupumua. Alikuwa amesahau kujibu swali lile.

Shangazi akamsogeza Kidole mbele. "Aliyeandika ni huyu."

Kidole alikiri kwa sauti ndogo kwamba mwanzo aliandika "Hakuna".

Muuguzi akamshika bega. "Lakini ulikubali kurekebishwa, na ndiyo maana mtoto yule yuko kwao sasa hivi, anacheza. Usichokijua, sema hukijui. Hapo unampa mwenzako nafasi ya kuuliza."