Taka Zisizo na Maganda

Lori lililoibwa Jumanne lilionekana Alhamisi asubuhi, Kilakala, mbele ya geti la mwenyewe. Bodi ilikuwa imeinuliwa juu. Shehena yote ya taka ilikuwa chini, imeziba geti hadi usawa wa kufuli. Ufunguo wa lori haukuwepo.

"Afande, natokaje mimi?" Bwana Jastin alipiga kelele kutoka ndani. Yeye ndiye aliyekuwa na zabuni ya kuzoa taka za Mafiga.

"Subiri kidogo, bwana," alisema Inspekta Mwinjuma. "Hili ni eneo la tukio."

Mlinzi alikuwa ameinamisha kichwa. "Nilikwenda kuswali alfajiri. Narudi, nakuta mlima."

Mwinjuma alilizunguka lori mara mbili, mikono nyuma. Matairi yalikuwa na vumbi jekundu. Alifungua mlango wa dereva. Kiti kilikuwa kimevutwa mbele kabisa, karibu kugusa usukani.

"Dereva wako ana urefu gani?"

"Lukasi? Mrefu kama nguzo."

Inspekta aliandika, kisha akachuchumaa mbele ya lundo na kulichokoa kwa kijiti. Chupa. Nepi. Betri. Vioo. Viatu vilivyokatika.

"Koplo Glory, toa barakoa uvute pumzi."

"Afande, nimekukosea nini?"

"Vuta."

Glory alivuta, uso umekunjamana. Kisha ukakunjuka. "Hazinuki sana."

"Hakuna kinachooza. Tafuta ganda moja tu la ndizi."

Walitafuta nusu saa. Hawakupata ganda, wala jani la mwembe, wala nyasi za kufyeka uani.

"Labda Mafiga siku hizi hawali ndizi," alisema Glory.

*

Lukasi alikaa kituoni, magoti yakigonga meza.

"Lori liliibwa wapi?"

"Mafiga. Nilikuwa nakula kwa mama ntilie."

"Saa ngapi?"

"Saa saba."

"Ulikula nini?"

"Wali maharage."

"Mama ntilie anaitwa nani?"

Lukasi alifikiri mno. "Nimesahau."

Mwinjuma alikwenda Mafiga kwa miguu, akauliza mlango kwa mlango. Mama mmoja, Zuhura, alikuwa anafagia.

"Lori la taka? Jumanne lilipita saa mbili, saa tatu lilishaondoka. Hilo halikai, baba. Usipokimbia na kiroba chako, unabaki nacho."

Kutoka hapo alikwenda na Glory, kwa gari, hadi dampo la mji. Mlinzi wa geti alicheka.

"Lori la Jastin? Tangu Nanenane sijaliona."

Ilikuwa katikati ya Oktoba. Miezi miwili lori lilikuwa linapita Mafiga kila wiki, na dampo halikupokea hata kiroba.

"Nani anaokota maganda?" Mwinjuma alimuuliza Glory walipokuwa wanarudi kwenye gari.

"Mfuga nguruwe."

"Nguruwe hali majani ya mwembe."

Glory alitazama juu, kwenye miteremko ya Uluguru. "Mwenye bustani."

*

Barabara zinazopitisha lori upande ule wa mlima ni mbili tu. Ya kwanza haikuwa na alama yoyote. Ya pili, kwenye vumbi jekundu, ilikuwa na alama za matairi mapana hadi kitongoji cha Kibungulu. Ziliishia kwenye ukingo wa korongo.

Korongo lilikuwa safi kama uwanja wa kanisa siku ya Pasaka. Lilikuwa limefagiliwa. Hatua hamsini chini yake chemchemi ilitoka kwenye mwamba, na ndoo zilikuwa zimepangwa.

Kwenye matuta ya karoti palikuwa na marundo marefu yaliyofunikwa kwa majani ya migomba. Mwinjuma alinyanyua jani. Mvuke ulitoka. Chini yake kulikuwa na maganda ya ndizi, nyasi, majani ya mwembe, na maganda ya tikitimaji.

"Tikitimaji halistawi huku," alisema kwa sauti ya chini. "Baridi."

"Funika, baba. Joto linatoka."

Mwanamke mfupi, wa miaka sitini na kitu, alikuwa amesimama na jembe begani. Rozari shingoni, viatu vya mpira miguuni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umechelewa. Nilikungoja jana."

"Jina lako, mama?"

"Modesta. Lori nimelichukua mimi."

Glory alidondosha kalamu.

"Mama, hulazimiki kusema lolote," Mwinjuma alianza. "Utakalosema litaandikwa na linaweza kutumika..."

"Ndiyo liandikwe! Nimekwenda ofisi tatu, hakuna aliyeandika."

Alitua jembe. "Dereva alisimama hapo Jumanne, akashuka kufungua bodi, injini inaunguruma. Nikapanda. Akakimbia kuliko mbuzi."

"Na nani aliliendesha?"

"Lori la kabichi la misheni nimeliendesha miaka kumi na tisa. Hilo tipa lake lina klachi mbovu, mwambie."

"Mkalipakia taka zote za korongo."

"Nikalipakia."

"Nani alikusaidia?"

"Peke yangu."

"Tani tano, mama? Kwa siku mbili?"

"Nina mikono."

Nyuma yake, watu kama ishirini walikuwa wanapalilia matuta yao kwa bidii ya ajabu. Hakuna aliyeinua uso.

"Maganda mbona hukurudisha?"

Modesta alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Nitupe mboji? Hiyo ni haramu, baba. Mabaya nimempelekea mwenyewe. Mazuri yamebaki hapa."

"Kwa nini hukungoja ofisi?"

"Watoto kumi na mmoja wameharisha kwa maji haya. Na vuli hiyo inakuja. Mvua moja tu, nepi zote za Mafiga zingekuwa kwenye ndoo zangu. Wewe ungengoja?"

Modesta aliingia ndani, akatoka na kopo la mbegu za karoti, akalimimina kiganjani. Ufunguo ulidondoka.

"Kielelezo chako."

*

Bwana Jastin alikuja kituoni amevaa suti. Alimkuta Modesta amekaa wima mbele ya meza, jalada limefunguliwa. Lukasi alikuwa kwenye benchi, anatazama sakafu.

"Ndiye huyu? Bibi huyu?" Jastin alicheka kidogo. "Basi, Inspekta. Lori nimepata. Mzee wa watu huyu, namsamehe. Nafuta malalamiko."

"Mimi sifuti," alisema Modesta.

"Wewe ni mtuhumiwa, mama, huna cha kufuta!"

"Nipelekeni mahakamani. Nitavaa sare yangu ya kwaya. Hakimu atauliza lori nililichukulia wapi, nami nitasema mbele ya watu wote."

Jastin alimgeukia Mwinjuma. "Mweleweshe huyu."

"Anaelewa vizuri," alisema Mwinjuma. "Mimi ndiye sijaelewa. Kuna nafasi moja kwenye fomu haijajazwa." Aliielekezea kalamu. "Mahali pa tukio. Dereva wako alisema Mafiga. Mafiga wanasema sivyo. Niandike wapi?"

Jastin alimtazama Lukasi.

"Usiniangalie, bosi," alisema Lukasi bila kuinua kichwa. "Uliniambia dampo ni mbali na wanatoza kwa tani. Ukasema korongo halina geti. Na hadithi ya mama ntilie ni yako."

Feni ilizunguka.

"Kibungulu," alisema Modesta. "Juu ya chemchemi. Andika yote mawili, lori na taka."

Mwinjuma aliandika yote mawili, taratibu, kwa herufi kubwa. Alimpa Modesta asome. Alisoma mstari kwa mstari, kidole kikifuata, akatia sahihi.

"Kosa lako atalipima hakimu, mama. Ila nimeandika pia kwamba lori ulilirudisha mlangoni kwa mwenyewe."

"Na nitalirudisha tena likija."

Mwinjuma alichukua jalada jipya, akalifungua ukurasa wa kwanza. Kisha akavuta kiti cha pili, akakigeuza.

"Kaa, Bwana Jastin. Jina kamili."