Tundu la Sita

Humam alipiga risasi tano, lakini karatasi ya shabaha ilikuwa na matundu sita.

Akayahesabu tena kwa ncha ya kalamu. Sita. Mhandisi mstaafu huyu hakuwa mtu wa kukosea hesabu. Hata chumvi ya wali mkewe, Balqis, ilibidi aipime mbele yake. Bunduki ilikuwa ya babu yake, ya kijeshi, kongwe kuliko barabara zote za Maskati. Risasi alizimimina mwenyewe kwenye kalibu, nyumbani kwake mtaa wa Hail, na kila Ijumaa baada ya sala alikwenda uwanja wa shabaha nyuma ya milima kutafuta kipimo cha baruti kitakachozipeleka zote mahali pamoja. Hupiga tano, huandika daftarini, huongeza baruti chembe chache, hupiga tano nyingine. Nyuma ya karatasi huweka sanduku la mchanga ili azifukue na kuzikagua.

Akafukua. Zilikuwa tano tu, akazitia koponi.

"Badr, umenipigia shabaha yangu?"

Badr, shemegi yake, alikuwa kivulini anamimina kahawa. "Kwa bunduki ipi, yakhe? Mie nnalo birika tu hapa."

Humam hakucheka. Akaongeza baruti, akapiga tano. Matundu sita, na la sita lilikuwa na ukingo mweusi, likinuka nywele zilizoungua. Mara ya tatu alimwamuru Badr akae garini mwake, vioo juu, mikono juu ya usukani aione. Akapiga tano. Matundu yakawa sita.

"Sijui unafanyaje," alisema, "lakini ni wewe."

"Miaka ishirini umemuoa dada yangu," Badr akajibu, sauti ikimtetemeka kwa hasira, "na bado unanitazama kama mwizi. Khalas, imetosha. Pima baruti yako peke yako." Akaondoa gari lake, la Humam likabaki peke yake uwanjani.

Vumbi halijatulia, simu ikalia. Alikuwa Balqis, akinong'ona.

"Humam, njoo nyumbani. Shaikha kakaa chini kaupa uso ukuta, anahesabu. Moja, mbili, mpaka sita, kisha kimya. Na sebule yote inanuka nywele zilizoungua."

"Kahesabu mara ngapi?"

"Mara tatu." Akavuta pumzi. "Nnakuuliza, na usinifiche. Kile kifurushi cha kijani cha stoo, umekigusa?"

"Ni madini tu, Balqis," alisema Humam, na Balqis akaanza kulia.

Shaikha, binti yao wa pekee, sasa ana miaka kumi na minne. Alipokuwa na saba aliingiliwa na jini. Akawa hali chakula wala halali usingizi, anaongea kwa sauti ya mtu mzima. Bi Wadha, shangazi yake Balqis, alimfunika shuka, akashika bakuli la maji juu ya kichwa chake na kumimina ndani yake madini ya risasi yaliyoyeyushwa. Mtoto akalala usingizi wa siku mbili. Bi Wadha akaokota kila kipande, akavifunga kitambaa cha kijani, akasema: yumo humu, visiguswe tena na moto. Humam alicheka pembeni. Wiki iliyopita madini ya kumiminia risasi yalimwishia, akakumbuka kifurushi. Madini laini, safi. Yakatoa risasi ishirini kamili.

Bi Wadha, aliyekwisha kuitwa nyumbani, alimpokonya Balqis simu. "Zilete zote, mwanangu, kabla ya Magharibi. Zote. Ikipungua moja nitakuwa namfungia jini mlango, naye hajatoka mwilini."

Akachomoa tano ambazo hazijapigwa kutoka kwenye maganda yake. Akamwaga kopo la zile zilizopigwa, akahesabu. Kumi na nne. Akachekecha mchanga kwa vidole mpaka kucha zikatoka damu, jua linashuka, hakuna wa kumsaidia. Ni Badr, akawaza. Badr kaiiba makusudi ili anikomoe. Alimpigia simu akamtukana, na Badr akaapa Wallahi hakugusa kitu, na Humam hakumwamini.

Basi akafanya alilolijua. Akachukua risasi ya madini mengine, akaikwangua kwa kisu, akapima, akakwangua tena, mpaka mizani yake ndogo ikasimama palepale ilipotakiwa.

"Zote?" aliuliza Bi Wadha mlangoni.

"Zote, shangazi. Nimezipima."

Shaikha alikaa katikati ya sebule chini ya shuka jeupe, Balqis amemshika mabega. Jua lilikuwa bado dirishani. Bi Wadha akasoma, akainua bakuli, akaanza kumimina risasi alizoziyeyusha moja moja, na madini yalipogusa maji yakalia kwa kishindo ambacho Humam alikijua vizuri, maana kilikuwa mlio wa bunduki ya babu yake, ukisikika kwa mbali kama kutoka nyuma ya milima, na chini ya shuka sauti ya mtoto ikasema "Moja," ikafuata "Mbili," na kila tone likawa na mlio wake na hesabu yake na ile harufu ikazidi kupanda mpaka macho yakawachoma, na Humam, ambaye miaka saba alikuwa akicheka, akajikuta anaomba kwa moyo wote hesabu ifike ishirini, ifike tu, hata kwa uongo.

"Kumi na tisa," ikasema sauti.

Tone la mwisho likaanguka. Halikulia.

"Hili la mgeni," ikasema sauti, na haikuwa tena ya mtoto.

Bi Wadha akateremsha bakuli polepole. "Humam. Umefanya nini?"

"Ni Badr!" akapiga kelele. "Badr kaiiba moja!"

Shuka likageuka. Kichwa chini yake kikamwelekea alipo, sawasawa, kama kinaona.

"Mjomba hana kitu, Baba. Iliyobaki unayo mwenyewe."

Jasho lilikuwa likimtiririka. Akatia mkono mfukoni mwa kanzu kutafuta leso, na vidole vikagusa risasi, ya moto, kama imetoka mtutuni sasa hivi. Akataka kuitoa, awaoneshe, aombe msamaha, bado Magharibi haijaingia. Mkono ukakataa kutoka.

Chini ya shuka Shaikha akaanza kulia kwa sauti yake mwenyewe, ya mtoto, akimwita mama yake. Na Humam, bila kutaka, akafungua mdomo akasema, "Moja."