Sabuni ya Uso ya Bibi Harusi

Kila Alhamisi akitoka madrasa, Aaliya humsaidia mama yake, Bi Khairiya, kutengeneza sabuni ya maji ya kuoshea uso. Nyumba yao iko Kizingitini. Siku hiyo chupa ilikuwa ya Khala Raihana, mdogo wake mama, bibi harusi mtarajiwa. Yeye alitaka sabuni angavu kama kioo.

Mama alipima asidi ya maziwa, ile inayolegeza ngozi iliyokufa. "Tia maji kwenye sabuni, kisha asidi hii tone kwa tone. Usizidishe," alisema, akaenda kumnyonyesha mtoto.

Aaliya alitia maji. Sabuni ikawa na ukungu kama maji yaliyooshewa mchele! Akatia asidi, ukungu ukapungua, lakini haukwisha. Akaongeza kijiko kizima. Papo hapo ikang'aa.

"Ukungu umekwenda wapi?" alijiuliza.

Khala Raihana akaingia. "Haya, bibi daktari, nijaribu!" Akajimiminia kiganjani.

Aaliya, bado akiwaza, alichovya karatasi ya kupimia asidi. Badala ya rangi ya chungwa inayotakiwa, ikawa nyekundu kama pilipili, dalili ya asidi kali.

"Khala, usijipake! Itakuunguza!"

"Wewe nawe! Wanionea wivu?" Raihana alicheka, vidole vikiwa karibu na shavu.

"Wallahi nimezidisha asidi!"

Raihana akakimbilia maji kunawa mikono. Mama akatokea na mtoto begani, Aaliya akamweleza habari ya ukungu.

"Maji umeteka wapi, mwanangu?"

"Kisimani. Kule jabiani kulikuwa na foleni."

Mama hakugomba. Alijaza gilasi mbili: moja maji ya kisima, nyingine maji ya mvua kutoka jabia, lile hodhi la mtaa. Akatia sabuni kidogo katika kila moja. "Koroga."

Ya kisima ikafanya ukungu. Ya jabia ikabaki angavu.

"Kumbe ni maji!" Aaliya alishangaa.

"Kisima chetu kina chumvi na chokaa, ndivyo vinavyotia ukungu. Asidi yako iliuficha tu."

Walimwaga ile kali, wakaanza upya kwa maji ya jabia yaliyochemshwa yakapoa. Safari hii karatasi ikatoa rangi ya chungwa. Raihana alijipaka kwanza mkononi, akangoja. "Haiwashi," alisema, akamfinya Aaliya shavu. "Umeuokoa uso wangu."

"Umekosea kuzidisha," mama alimwambia Aaliya, "lakini umepima, na umesema kweli kabla hajaumia. Kitu kikikushinda, tafuta kwanza sababu yake. Usikifiche tu kisionekane."