Mkanda wa Kiti cha Abiria

Saa nane na nusu mchana, jua la Januari la huku kaskazini ya mbali likiwa limeshazama, nilitoka kupima seti ya mwisho ya tairi juu ya ziwa lililoganda. Kazi ndogo tu: mzunguko mmoja, nisikilize kelele, niandike alama. Zilizotangulia zilikuwa za misumari. Ziling'ata barafu vizuri ajabu, ila zilinguruma hadi meno yakaniuma. Hizi hazikuwa na hata msumari mmoja, na zilisifiwa kwa ukimya na kudumu.

"Ila ukifunga breki zinateleza, kaka," mdogo wangu Aune alinionya redioni kutoka ufukweni. "Usijifanye kijana."

"Kachemshe kahawa wewe, acha umbea."

Mkanda sikufunga. Ziwani hatufungi, ili barafu ikipasuka uruke. Aune, ambaye ndiye fundi wetu, alikuwa amechomeka kipande cha chuma kwenye kifungio changu ili kengele ya mkanda isinivurugie kipimo.

Mumewe, Urho, alizama hapa hapa mwaka jana. Tulikuwa wawili garini. Mimi niliruka. Yeye alikutwa nyuma ya usukani, mkanda umefungwa. Niliwaambia watu kwamba alijisahau akaufunga.

Nilifika katikati ya ziwa. Tairi zilikuwa kimya kweli. Nikawa nawaza alama tisa...

Ti... ti... ti...

Kengele ya mkanda. Taa nyekundu ilionyesha kiti cha abiria. Kiti kile hulia kikikaliwa tu, na hakikuwa na mtu.

Ikaja harufu ya tope la ziwa na ya sweta ya sufu iliyolowa. Kiti kikabonyea, taratibu.

Mkanda ukavutika wenyewe.

Ka-chak.

Kengele ikanyamaza. Kisha mnong'ono, karibu kabisa na sikio langu:

"Funga mkanda, shemeji. Sisi si wahuni."

Sauti haikuwa ya Urho.

Ilikuwa yangu.

Maneno yaleyale ya mwaka jana. Tulikuwa tumetoka kwenye lami, ambako mimi ndiye mkali wa mikanda, na mdomo ukatamka kwa mazoea. Urho alinicheka, akafunga. Sikuwahi kumwambia mtu.

Mkono wangu ukaanza kuking'oa kile kipande cha chuma. Sikuutuma. Ukaushika mkanda... Nikakanyaga mafuta. Tairi zikazunguka bure. Barafu ikalia chini yangu, kraaa...

"Nisamehe, Urho! Nisamehe!"

Tairi zikashika.

Ufukweni Aune alikuwa amesimama na redio mkononi, kahawa imemmwagikia viatuni. Nilishuka. Akamulika kiti cha abiria kwa tochi. Mkanda ulikuwa umefungwa, unachuruzika maji.

"Kaka," akanong'ona, "redio yako ilibaki wazi."

Nikainamisha macho kwenye viatu vyake vilivyolowa kahawa.

"Nimekusikia. Ulikuwa unamwambia nani afunge mkanda?"

Nilifungua mdomo nimpe uongo wangu wa mwaka mzima. Lakini nyuma yangu, ndani ya gari tupu, sauti yangu ilinitangulia kumjibu.

"Urho."