Tope la Uwanja wa Farasi

Kila Jumapili, hapa Karlsruhe, Ottmar aliaga nyumbani kwamba anakwenda kwaya, kumbe anabeba miti ya goli hadi uwanja wa askari wa farasi. Shule yake ilipiga marufuku mpira, na aliyekamatwa alifukuzwa. Kwa hiyo wanafunzi walicheza kwa majina ya uongo. Ottmar alijiita Müller, jina lililojaa kila mtaa hapa. Timu ile ilikuwa na akina Müller sita!

Kocha wao, mzee Rapp, alikuwa mshambuliaji enzi ambazo juu ya goli ilifungwa kamba. Shuti lake moja liliikata kamba hiyo na kumnyoa kipa sharubu. Nilikuwepo, nami sitii chumvi: ulinyolewa upande mmoja tu.

Jumapili moja Ottmar aliupiga mpira kwa kichwa, pale pale penye nyuzi ngumu za kuufungia. Paji la uso likachanika. Akaanguka kifudifudi kwenye tope na mavi ya farasi.

Jioni mama yake alimwita daktari.

"Umeumia wapi, kijana?"

"Nimeteleza kwenye ngazi za kanisa."

Daktari alikuwa anafunga bendeji Rapp alipoingia kumjulia hali.  Mama alipokwenda kuchukua maji, na daktari alipogeukia mkoba wake, kocha akamwinamia Ottmar sikioni.

"Ngazi za kanisa, eti? Winga wangu alijikata uwanja uleule. Akaogopa kufukuzwa, akanyamaza. Baada ya wiki taya zikakaza. Hazikufunguka tena."

Ottmar alifungua mdomo, akaufumba, akaufungua tena.

"Mama atajua, kocha."

"Kwa hiyo akuzike bila kujua? Sema mwenyewe, au niseme mimi."

"Daktari!" Ottmar akapiga kelele. "Ni mpira! Nimeangukia mavi ya farasi!"

Mama, beseni mkononi, akasimama mlangoni. "Kumbe ndiyo kwaya yenu hiyo!"

Daktari hakucheka. Alifungua bendeji, akaosha jeraha upya, akamchoma sindano ya kuzuia pepopunda, ugonjwa ule wa kukaza taya unaojificha kwenye mavi ya farasi.

Kesho yake Ottmar alikwenda mwenyewe kwa mkuu wa shule kabla habari hazijamfikia, akaeleza yote. Alifungiwa katika chumba cha adhabu siku mbili, lakini kwa kuwa alikiri mwenyewe, hakufukuzwa.

Rapp alimngoja langoni.

"Uliogopa shule kuliko kifo," alimwambia. "Ukiumia, mweleze daktari ukweli wote, hata kama una kosa. Ukifukuzwa, tutakutafutia shule nyingine. Uhai mwingine tungeutoa wapi, mwanangu?"