Namba 8,633

Jumatatu, tarehe 14 Juni 1954. Asubuhi hiyo ukungu ulifunika Mlima Loleza mpaka chini, na wanafunzi wa darasa la nne walifika shuleni wakipuliza vidole.

Mwalimu Jailos alirudisha majibu ya swali la Ijumaa: ukiacha moja na yenyewe, namba 8,633 inagawanyika kwa namba gani bila kubaki kitu? Jina la aliyekosa halingepelekwa shule ya kati, iliyoanzia darasa la tano. Wote waliandika "hakuna", isipokuwa Tusekile. Yeye aliandika 89.

Mwalimu alisema yeye mwenyewe amejaribu na hakuna. Akamtaka aonyeshe kazi yake. Tusekile akaeleza kwamba aligawa kwenye kibao chake, na kila mara alifuta ili apate nafasi.

"Basi 89 imefutika pamoja na vumbi la chaki," alisema Asukile kutoka nyuma, na darasa likacheka.

"Andika 'hakuna', binti," mwalimu alisema kwa upole. "Jina lako liende na ya wenzako."

Tusekile aliitamani sana shule hiyo. Kila jioni yeye na mama yake walipiga magoti kuiombea. Sasa angewezaje kuipokea kwa uongo?

"Sitaandika, Mwalimu. Kama ni kubaki, nitabaki. Lakini 'hakuna' si kweli."

Mwalimu akampa chaki. Tusekile aliandika kwa tarakimu kubwa: 89 mara 97. Akazidisha saba, akazidisha tisini, akajumlisha. Ubaoni ikasomeka 8,633.

Mwalimu alirudia hesabu mara mbili. Asukile hakucheka tena.

"Nilijaribu namba tasa zote: mbili, tatu, tano, nikaendelea mpaka 83," mwalimu alisema polepole. "Hapo nikachoka."

"Iliyofuata kujaribiwa ilikuwa 89, Mwalimu," Tusekile alisema.

"Ndiyo. Ilibaki moja tu, maana inayoifuata, 97, ukiizidisha kwa yenyewe inapita 8,633." Akaligeukia darasa. "Watoto, kuchoka si jibu. Na jibu la kweli halibadiliki kwa sababu mwalimu amelikataa. Ninyi wengine nitawapa swali jingine kesho."

Akaweka mkono juu ya ubao.

"Naahidi mbele yenu nyote: jina la Tusekile nitalipeleka leo mwenyewe. Na sitasema tena 'hakuna' mahali nilipoishia njiani."